Mwalimu wa drama katika shule ya upili: awe ameigiza nini, ameelekeza nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu wakuu wanaotafuta mtu wa kukabidhi klabu, wazazi, na zaidi ya wote walimu walioamka siku moja wakaambiwa drama ni yao. Mengi yanahusu Kenya, kwa sababu ya Tamasha la Kitaifa la Drama na Filamu, yaani mashindano ya shule, ila upande wa mazoezi na jukwaa utamfaa mwalimu wa Tanzania au Uganda vilevile. Anayeitwa hapa mwelekezi, Tanzania huitwa mwongozaji.

Je, ni lazima mwalimu wa drama awe amewahi kupanda jukwaani?

Kanuni hazimlazimishi. Kazi yenyewe ndiyo inayomdai. Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya ukumbi uliojaa huku neno linalofuata limempotea hajui mwanafunzi anahitaji nini katika sekunde zile tatu. Mara nyingi atamkaripia baadaye, wakati kilichokosekana ni mazoezi ya mwenzake kumwokoa.

Usihesabu idadi ya michezo tu, hesabu marudio. Aliyeigiza mchezo mmoja mara 30 amejifunza jambo ambalo aliyeigiza michezo 10, kila mmoja mara moja, hajalifikia. Mara ya kumi na tano maneno huwa yamekauka mdomoni na inabidi uyatafutie uhai upya. Hicho ndicho hukipata kikundi cha shule kinachopanda kutoka ngazi za chini hadi kaunti, kanda na taifa kwa mchezo uleule. Wengi hupoozea kwenye kanda, na mwalimu asiyeijua hali hiyo hudhani wanafunzi wamekuwa wavivu.

Vyeti gani vinahitajika?

Tume ya Kuajiri Walimu ya Kenya (TSC) haimsajili mtu kwa sababu ya drama. Humsajili mwalimu wa sekondari kwa masomo mawili ya kufundishia, na mwenye shahada hutakiwa awe alipata wastani wa C+ katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na C+ katika kila moja ya masomo hayo. Ndiyo maana anayeongoza klabu katika shule nyingi ni mwalimu wa Kiswahili au wa Kiingereza na fasihi.

Aliyesomea sanaa za maonyesho bila ualimu anahitaji stashahada ya uzamili ya elimu, na hapo wengi hukwama: walisoma jukwaa miaka minne lakini hawana somo la pili la kufundishia. Kuajiriwa na bodi ya shule hakuondoi sharti hilo, maana Sheria ya TSC ya 2012 inataka anayefundisha awe amesajiliwa.

Chuo Kikuu cha Kenyatta na Chuo Kikuu cha Moi vina idara zinazofundisha sanaa za maonyesho na filamu. Tanzania kuna Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa anayetaka mafunzo ya mikono zaidi kuna TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo), iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Jambo hili sasa lina uzito mpya Kenya: tangu Gredi ya 10 ilipoanza Januari 2026, maonyesho ya jukwaani na filamu ni somo ndani ya mkondo wa sanaa na michezo. Yaani katika baadhi ya shule drama imetoka klabuni ikaingia kwenye ratiba, huku wanafunzi wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 wakitarajiwa kufanya KCSE 2027.

Aliyekuwa mwigizaji hodari si atakuwa mwelekezi hodari?

Si lazima, na hapa ndipo michezo mingi ya shule huharibikia. Mwigizaji mzuri akipewa wanafunzi hushikwa na kishawishi kimoja: huchukua hati, hutamka mstari kwa ustadi wake wote, kisha husema, "Haya, sema hivyo." Mwanafunzi huiga. Baada ya wiki sita wahusika wote, bibi, chifu na mtoto, wanaongea kama mwalimu. Mwamuzi huligundua mapema: mkono uleule unainuka kwenye neno lilelile kwa watu watatu tofauti. Siku ya onyesho mwenzake akibadili kasi kidogo tu, mwanafunzi hushindwa kumjibu, kwa sababu alichokariri ni mlio.

Chukua neno moja: "Umekula?" Mama anamwuliza mwanawe aliyeingia saa nne usiku. Ukimwagiza mwanafunzi "sema kwa hasira", atapaza sauti, basi. Mpe kitendo badala yake.

Mwambie: mkamate kwa uongo wake. Alisema alikuwa kwa shangazi, na kwa shangazi hakuna anayetoka na njaa. Au: mnyamazishe, baba yuko macho chumbani. Au: mfukuze nyumbani bila kutumia neno la kufukuza. Katika ya kwanza utamwona akimtazama mtoto usoni bila kupepesa. Katika ya pili sauti inashuka na jicho linaenda mlangoni. Katika ya tatu anauliza huku anafunika sufuria. Hakuna aliyemwonyesha lolote kati ya hayo, na kesho akifanya tofauti kidogo bado itakuwa sahihi.

Kwa hiyo mwelekezi huhitaji akiba ya vitenzi: kubembeleza, kutega, kuchunguza, kuficha, kuzuia, kudhalilisha. "Huzuni" na "furaha" hazichezeki. Hutokea zenyewe mtu akitaka kitu akakipata au akakikosa.

Kuonyesha kuna mahali pake. Namna ya kuanguka bila kuumia, kushika mkongojo, kuingia kwenye mdundo wa wimbo: hayo onyesha mara moja, polepole, kisha ondoka jukwaani. Nusu ya mazoezi yote yafuatilie ukiwa umekaa safu ya mwisho ya ukumbi.

Kuzunguka shuleni kuigiza vitabu teule kunahesabika kama uzoefu?

Kunahesabika sana. Anayeigiza tamthilia za mtihani hufanya kazi bila maikrofoni, pengine maonyesho mawili kwa siku, kwenye bwalo lenye mwangwi, akibeba wahusika wawili au watatu na kubadilisha maleba (mavazi ya kuigizia) nyuma ya mlango wa jikoni. Amezoea wanafunzi 600 wanaocheka pasipo pa kuchekesha. Hiyo ni shule tosha.

Ila hutoka na ugonjwa wake: kutafuta kicheko. Maneno huongezwa, mlevi huyumba zaidi kila siku, na mhusika hugeuka kichekesho. Mtu huyo akiwa mwelekezi, tazama kama mchezo wake una angalau dakika mbili za kimya ambazo hazikujazwa na mzaha.

Na aliyeigiza kwenye runinga au filamu?

Kamera humjia mwigizaji. Ukumbini yeye ndiye huwafuata watazamaji walipo. Mtu wa kamera huwa na macho mazuri na sauti ndogo, na wanafunzi wake husikika hadi safu ya nne. Mpe kitengo cha filamu cha tamasha, huko atakuwa nyumbani.

Mazoezi yachukue saa ngapi?

Kipimo cha wengi ni saa moja ya mazoezi kwa kila dakika ya mchezo. Kwa wanafunzi ongeza nusu yake. Mchezo wa dakika 30 basi ni saa 45.

Sasa piga hesabu ya shule ya bweni. Muda wa michezo jioni ni saa moja kwenye karatasi. Toa dakika 10 za kukusanyana, zimebaki 50. Siku nne kwa wiki ni saa 3 na dakika 20, kwa hiyo saa 45 zinahitaji wiki 13 na ushee. Ukianza Januari utamaliza Aprili, wakati mashindano ya taifa yanakaribia na ya ngazi za chini yalishakupita. Ongeza saa tatu za Jumamosi, wiki zinashuka hadi saba. Njia salama ni kuchagua waigizaji muhula wa tatu, waende likizo ya Novemba na hati mkononi wakiwa wamekwisha kuisoma pamoja mara tatu au nne mezani.

Usiwaruhusu kukariri kabla ya kupanga miondoko, yaani nani anakwenda wapi jukwaani. Mwanafunzi akikariri peke yake kwenye masomo ya usiku, hukariri na mkokoto wa sauti, kama shairi la darasa la tatu, na mkokoto huo hautoki tena. Panga miondoko ya onyesho moja, yaani sehemu moja ya mchezo, kisha mpe siku tatu za kukariri onyesho hilo tu. Wiki mbili za mwisho ni za kuupitisha mchezo mzima bila kuukatiza, saa mkononi.

Kila mhusika mkuu awe na mwigizaji wa akiba anayehudhuria mazoezi. Kurudishwa nyumbani kwa karo hakusubiri tamasha liishe.

Mbona maneno hayasikiki ingawa wanafunzi wanapiga kelele?

Kupiga kelele hukaza koo na kuua konsonanti. Anza kila siku na dakika 8 hadi 10: kuvuta pumzi hadi tumbo litanuke (mabega yasiinuke), kutoa "sss" kwa sekunde 15, kuongeza hadi 25 baada ya wiki chache, kisha kuguna midomo ikiwa imefungwa mpaka pua iwashe. Wavulana ambao sauti inavunjika wasilazimishwe kwenda juu. Mbadilishie mhusika kama hapana budi.

Kiswahili kina mtego wake. Mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mwanafunzi mwenye haraka humeza zilizoko mwanzoni. Lakini mwanzoni mwa kitenzi ndipo palipo nafsi, wakati na ukanushi. "Hakufa" na "akafa" ni habari mbili zinazopingana, na mwenye kuangusha "h" amemuua mhusika ambaye hati inamhitaji onyesho la mwisho. "Sikumwambia" ikimezwa hubaki "kumwambia". Mwagize atamke silabi mbili za kwanza kama anayezigonga kwa kidole mezani, kwa wiki moja tu. Zoea likiingia, kidole kinaondoka.

Kuhusu lafudhi za lugha za nyumbani, "dege" badala ya "ndege" au "r" na "l" kubadilishana: rekebisha panapobadilisha maana, au pale mhusika anapotakiwa kusema vingine. Kufuta lafudhi yote kabla ya Machi ni kazi bure, na huondoa uhai kwenye mdomo wa mtoto.

Miondoko ya jukwaani hupangwaje?

Kulia na kushoto ni kwa mwigizaji anayewatazama watazamaji, si kwako uliyekaa ukumbini. Ligawe jukwaa katika sehemu tisa: mbele, katikati na nyuma, kila moja ikiwa na kulia, kati na kushoto. Chora kwa chaki sakafu ya darasa la mazoezi, mita 8 kwa 6 hivi, kisha siku nyingine chora ndogo zaidi, kwa sababu jukwaa la mashindano huenda lisilingane na lenu. Zoezeni kuingilia pande zote mbili. Kumbi nyingine zina mlango mmoja tu wa nyuma, na kikundi kilichozoea kuingia kushoto hugongana hapo kama matatu kwenye kituo.

Makosa yanayojirudia ni machache. Wote kujipanga mstari mmoja kama kwaya. Msemaji kumziba mwenzake. Mtu kutembea huku mwingine anasema mstari muhimu: jicho la mtazamaji humfuata anayetembea, na mstari umepotea. Umati wa wanakijiji usiojua unachofanya nao ni balaa. Mpe kila mmoja jina na shughuli: huyu anadai deni la mkaa, yule amekuja kumtafuta mkewe.

Daftari la mwelekezi ni nini, na kwa nini msimamizi wa jukwaa asiwe mwalimu?

Hati hubandikwa ukurasa wa kushoto, wa kulia unaachwa mtupu kwa maelezo: nani anakwenda wapi kwenye neno gani, ngoma inaanza lini, kiti kinatolewa na nani. Tumia penseli, kwani mtalazimika kufuta mara kumi. Mwalimu akilazwa au akihamishwa, mwenzake anaweza kuendelea kesho yake.

Msimamizi awe mwanafunzi mtulivu asiyeigiza. Siku ya onyesho mwalimu yuko ukumbini na hawezi kufanya lolote. Aliyezoea kuendesha kila kitu mwenyewe ndipo hugundua hakuna anayejua ishara ya kuanza ngoma.

Mandhari, maleba na vifaa: wapi hasa huharibika?

Mchana. Tamasha nyingi za ngazi za chini hufanyika kwenye kumbi zenye madirisha, kwa hiyo hakuna giza la kufichia mabadiliko. Waigizaji wabadilishe mandhari wakionekana, wakiimba, kwa sekunde 15 au pungufu, na zoezi hilo lirudiwe kama onyesho jingine lolote. Kila kipande kibebwe na watu wawili, kipite mlango wa kawaida na kiingie kwenye basi la shule. Nyumba nzuri ya mbao iliyobaki nje ya ukumbi kwa sababu ya upana si jambo geni.

Meza ya vifaa ifunikwe karatasi, na kila kifaa kichorwe mzingo wake na kuandikwa jina. Msimamizi akitupa jicho mara moja huona pengo. Panga iwe ya mbao iliyopakwa rangi. Glasi na kisu halisi visipande jukwaani. Maleba yavaliwe kwenye mazoezi angalau mara tatu kabla ya safari: buibui au kanzu hubadilisha hatua, na viatu vya kisigino hubadilisha kila kitu.

Tunaweza kuigiza tamthilia ya mwandishi yeyote?

Hapana. Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inailinda kazi ya fasihi kwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Andika kwa mwandishi au mchapishaji, taja idadi ya maonyesho na kama kutakuwa na kiingilio, na upate jibu la maandishi. Hati mpya iliyoandikwa kwa ajili ya shule iwe na mkataba wa ukurasa mmoja: nani mwenyewe, shule inaitumia mwaka gani, na nani ana haki ya kuibadilisha.

Kuhusu maudhui ya kisiasa, mwalimu ajue kwamba mwaka 2013 na tena 2025 kuzuiwa kwa mchezo wa shule kulifika Mahakama Kuu, na mara zote mbili mahakama ilielekeza uruhusiwe kuigizwa. Pamoja na hayo, mwalimu mkuu aisome hati yote na kuitia sahihi kabla ya mazoezi kuanza. Anayeisikia mara ya kwanza ukumbini huwa wa kwanza kuikana.

Shule imemlipa mwelekezi wa nje. Mwalimu afanye nini?

Akae ndani ya mazoezi, kila siku. Mtu wa nje huja mara mbili kwa wiki na anahudumia shule nyingine tatu, na ni mwalimu anayejua kuwa mwigizaji mkuu amefiwa. Mwelekezi mmoja awe na neno la mwisho kuhusu mchezo, mwalimu awe na neno la mwisho kuhusu watoto. Hayo yaandikwe, pamoja na malipo kwa awamu, sehemu ya mwisho ikilipwa baada ya onyesho.

Kofi, mapigano na maonyesho ya mapenzi huchezwaje na wanafunzi?

Kofi halimgusi mtu. Wasimame mbali kiasi kwamba mkono ulionyooka unakosa uso kwa shubiri moja. Anayepigwa ndiye kiongozi: humtazama mwenzake machoni kuonyesha yuko tayari, hugeuza kichwa, na kupiga kofi la viganja upande ambao watazamaji hawauoni. Rudieni kwa mwendo wa kinyonga siku tano kabla ya kasi kamili, na mara moja tena kabla ya kila onyesho. Kama hawakupata nafasi ya kurudia, kofi linaondolewa siku hiyo.

Mapenzi yaonyeshwe kwa leso, barua, kusita mlangoni. Wasichana na wavulana wabadilishie maleba vyumba tofauti, kila kimoja na msimamizi wa jinsia yao. Mwalimu asifanye mazoezi na mwanafunzi mmoja peke yake kwenye chumba kilichofungwa, na mazoezi ya usiku yawe na mwalimu wa pili.

Nitampimaje anayesema ana uzoefu wa kuigiza na kuelekeza?

"Mwigizaji na mwelekezi mwenye tajriba kubwa" si habari. Muulize mchezo gani, mhusika yupi, ukumbi gani, mara ngapi, waigizaji wangapi, na umri wao. Mwombe daftari lake la mwelekezi. Aliyeelekeza kweli analo, limechakaa, lina alama za penseli na doa la chai.

Kisha mpe wanafunzi 10, ukurasa mmoja wa hati na dakika 40. Hesabu mambo mawili: mara alizoonyesha mstari mwenyewe, na maswali aliyouliza. Angalia pia waliokaa pembeni bila mistari. Mwelekezi wa watoto huwapa kazi ndani ya dakika 10 za kwanza. Mwigizaji aliyekuja kuigiza mbele yenu hatawaona.

Nimekabidhiwa klabu na sijawahi kuigiza. Nianzie wapi?

Jiunge na kikundi chochote cha karibu, hata cha kanisa au cha vijana wa mtaa, upewe mhusika mdogo mwenye mistari mitano. Kariri, subiri nyuma ya pazia, ingia, ukosee. Wakati huohuo omba kukaa kwenye mazoezi ya shule jirani inayofika taifa mara kwa mara, ukiandika anachosema mwelekezi wao neno kwa neno. Mwaka wa kwanza chukua shairi la kukariri kwa pamoja au mchezo wa wahusika sita, uache ule wa wahusika 25 wenye ngoma mbili na moto wa kijiji. Na kabla ya kumwita mwanafunzi yeyote, isome hati kwa sauti peke yako, kuanzia mwanzo hadi mwisho, ukiwa na saa.